Anza na Upepo: Mwongozo wa Kutazama Ndege Unguja na Pemba

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi. Kila alfajiri, akishasali, alitoka barazani akageuza uso polepole mpaka masikio yote mawili yausikie upepo kwa kiasi kimoja. Hapo alijua unatoka wapi hasa. Kisha husema, "Leo watatokea mjini," au, "Leo watatokea baharini," na mimi, mtoto wa skuli ya msingi, nilidhani ana jamaa yake uwanja wa ndege anayempa habari za ndege. Hakuwa naye. Maisha yake yote hakupata kupanda ndege, lakini alijua kwamba rubani na nahodha wanasikiliza amri moja.

Aliziita "watatokea", si "zitatokea". Sarufi tuliyofundishwa inatenganisha: ndege mwenye manyoya anaruka, ndege ya abiria inaruka. Babu hakutenganisha. Na wazee wa zamani zaidi walikuwa na maana ya tatu, ile ya fali, yaani dalili ya heri au shari, ndiyo maana msafiri aliombewa ndege njema kabla hata ya mtu yeyote pwani hii kuona chombo cha bati kikipita angani.

Vijana kadhaa wananiuliza mchezo huu wa kutazama ndege unaanzia wapi. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya kamera. Kamera iache kwanza. Siku ya kwanza unahitaji macho, kofia, chupa ya maji na daftari la skuli.

Hatua ya kwanza: ujue upepo umekaa wapi

Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Chukua ATR, ndege ya pangaboi mbili inayotua Unguja kila siku. Ikikaribia kutua, mwendo wake ndani ya hewa ni kama kilomita 200 kwa saa. Upepo wa mbele ukiwa kilomita 30, ardhi inaiona ndege ile inakwenda 170 tu. Upepo huohuo ukiwa nyuma, ardhi inaiona inakwenda 230. Tofauti hiyo ya 60 inalipwa na breki, matairi na urefu wa lami.

Sasa tazama ardhi yetu. Njia ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, pale Kisauni, imelazwa kaskazini na kusini, urefu wake kama kilomita tatu. Ncha zake zina namba 18 na 36. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa tarakimu ya mwisho: anayetua njia ya 36 uso wake uko nyuzi 360, yaani kaskazini, na anayetua njia ya 18 uso wake uko nyuzi 180, yaani kusini. Ni dira ileile iliyokuwa kwenye jahazi la babu.

Kwa hiyo, msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, takriban Desemba mpaka Machi, ndege nyingi hutua zikitokea kusini. Zinapita juu ya bahari upande wa Fumba, zinashuka kwa Chukwani, pua zikiutazama mji. Likija kusi, upepo utokao kusini, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba na mkia wake tunaouita demani, mambo hupinduka: ndege hutokea kaskazini, zinapita juu ya mapaa ya Ng'ambo, zinashuka kuelekea Kiembe Samaki. Wageni hukanganyikiwa na jambo hili. Kaskazi huleta ndege kutoka kusini, kusi huzileta kutoka kaskazini. Ukishalizoea utalijua kabla hujafungua dirisha, kwa kuangalia tu minazi imeinamia wapi.

Miezi migumu ni ya malelezi, baina ya pepo mbili, ambapo upepo hauna msimamo. Asubuhi unaweza kuona ndege tatu zikitokea baharini na baada ya adhuhuri ya nne ikatokea mjini. Hata katikati ya msimu usishangae ukiona ndege moja imekwenda kinyume na wenzake. Upepo ukiwa mwepesi, rubani anaweza kuruhusiwa kutua na upepo kidogo mgongoni ili asizunguke kisiwa bure. Ndege nyingi za abiria mwisho wake katika hilo ni kama kilomita 18 kwa saa, na upepo ukizidi hapo hana budi kuzunguka.

Kaa wiki mbili na hatua hii moja. Kila asubuhi sema ndege zitatokea wapi, halafu subiri uone.

Hatua ya pili: tafuta pa kukaa, na uombe ruhusa

Daladala ya Uwanja wa Ndege, ile ya 505, inakufikisha. Lakini usishuke ukaanza kuzungukazunguka kwenye uzio. Uwanja wa ndege ni eneo la ulinzi, na askari anayekuuliza unafanya nini ana haki ya kuuliza. Nilipoanza, nilisimama karibu na uzio na darubini shingoni bila kumwambia mtu, na nilitumia alasiri nzima kujieleza. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile nina sheria tatu ambazo sizivunji.

Kutazama kwa macho nakutazamia mbali na uzio, mahali pa watu wote: ufukweni Mbweni au Chukwani, au juu ya paa la nyumba ya mtu ninayemjua. Nikitaka kupiga picha eneo la uwanja wenyewe, naomba kibali kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, na nikinyimwa nakubali. Ndege za jeshi, magari ya jeshi na mageti sivielekezei kamera kabisa. Droni usiifikirie, karibu na uwanja ni hatari kwa roho za watu.

Ukitaka kukaa kwenye shamba la mtu, piga hodi. Mara nyingi mwenye shamba atakuletea dafu na kukuuliza ile inayopita inakwenda wapi. Jitahidi uwe na jibu.

Mahali ninapopapenda mimi ni ufukwe wa Chukwani wakati wa kaskazi, maji yakiwa yametoka. Ndege inaonekana kwanza kama taa, taa hiyo haisogei. Inakaa pale pale angani, inanenepa tu. Kisha ghafla inakuwa na mabawa, kisha miguu, kisha sauti.

Hatua ya tatu: jifunze maumbo, siyo rangi

Anayeanza hukimbilia rangi: twiga mkiani, basi Air Tanzania. Ni kweli, lakini rangi hubadilishwa, ndege hukodishwa, na dhidi ya jua la jioni zote ni nyeusi. Umbo halibadilishwi. Na kila pindo la umbo lina sababu yake. Hapo ndipo penye utamu wote wa mchezo huu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nenda Nungwi ukawatazame mafundi wa vyombo. Fundi hana ramani ya karatasi. Anapachika mbao, anarudi nyuma hatua kumi, anafumba jicho moja, anatazama mstari kutoka omo, mbele ya chombo, mpaka tezi, nyuma yake. Mmoja aliniambia, "Pakikwaza jicho, patakwaza na maji." Wanaounda ndege wana kompyuta na mahandaki ya upepo, lakini wanatafuta kitu kilekile, mstari usiokwaza. Bawa nalo ni ndugu wa tanga. Tanga la jahazi likituna, upepo unalazimika kupinda, na kwa kuupinda chombo kinasukumwa mbele. Bawa limelazwa ubavu badala ya kusimamishwa. Linaupinda upepo kwenda chini, nalo linasukumwa juu. Ndege ikikaribia kutua utaona nyuma ya bawa vipande vinateremka na kujikunja, na bawa linakuwa pana na lenye tumbo. Rubani anaongeza tanga, kwa sababu mwendo umepungua na uzito ni uleule.

Anza na Cessna Caravan, maana hutaikosa. Ndiyo inayokwenda Pemba, Dar es Salaam na mbugani. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1982 na umbo lake halijabadilika sana. Bawa liko juu, limeshikiliwa na nguzo ya mshazari kila upande. Miguu haikunjwi. Injini moja, puani. Wengi wao wana mkoba mrefu wa mizigo uliobandikwa tumboni. Bawa kuwa juu maana yake abiria wote wanaiona bahari, na pia mawe ya viwanja vya vumbi hayalifikii.

Sasa ikisimama tazama shavu lake la kulia, chini karibu na panga. Kuna bomba nene la moshi, mara nyingi limeacha masizi ubavuni. Kwa nini moshi utokee mbele, puani? Kwa sababu injini yake, PT6 ya Canada, imewekwa kinyumenyume. Hewa inaingia, inapelekwa nyuma ya injini, kisha inarudi mbele ikibanwa, inawaka, na inatokea karibu na panga. Tena sehemu inayozungusha panga haikufungwa kwa chuma na sehemu inayobana hewa. Kinachoziunganisha ni mkondo wa hewa ya moto tu. Ndiyo maana wakati wa kuwasha unasikia kwanza mluzi mwembamba unaopanda, na panga linaanza kuzunguka kwa uvivu, kana kwamba linafikiria kwanza.

Zinazofuata ni mbili zinazowachanganya wote. Mpwa wangu aliniuliza tukiwa Mbweni.

"Mjomba, hizi zote bawa juu, zote panga mbili, zote mkia kama herufi T. Utajuaje ATR na Dash?"

"Tazama miguu, mwanangu."

ATR miguu yake mifupi inatoka mashavuni mwa tumbo, imekaa karibu karibu kama kuku aliyechutama. Dash 8, ile ndefu ya Q400, miguu yake inatoka ndani ya injini, mirefu na myembamba, imeachana, kama korongo. Mara moja tu ukishaiona hutaisahau. Zikiwa angani na miguu imekunjwa, tazama urefu: ATR 72 ina kama mita 27, Q400 inakaribia mita 33 na inaonekana kama mtu amevuta kiwiliwili chake.

ATR, inayoundwa Toulouse nchini Ufaransa, ina siri mbili zaidi. Ya kwanza ni mlango. Abiria wanapanda kwa nyuma, karibu na mkia, kwa ngazi iliyo sehemu ya mlango wenyewe. Mbele ni mizigo. Ya pili niliigundua nikiwa kwenye foleni ya kupanda, begi mkononi. Panga zote mbili zilikuwa zimesimama, lakini injini ilikuwa inanguruma. Nikamuuliza mhudumu, akacheka, akanielekeza upande wa pili. Ndege nyingine zina injini ndogo mkiani ya kutoa umeme na ubaridi zikiwa zimeegeshwa. ATR haina, imepunguziwa uzito huo. Badala yake, injini ya kulia ina breki inayolishika panga lisizunguke huku injini yenyewe inawaka. Marubani wanaiita hali ya hoteli. Na ni injini ya kulia kwa sababu abiria wanapandia kushoto.

Ukiingia kwenye jeti, ya kwanza ni Boeing 737. Itazame kwa chini inapopita juu yako imeshakunja miguu: utaona duara mbili nyeusi tumboni. Hayo ni matairi. Hayana mlango wa kuyafunika, yanakaa wazi ubavuni mwa tumbo. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1967, na iliundwa ikae chini chini ili mizigo ipakiwe kwa mkono hata kwenye viwanja visivyo na vifaa. Miguu ikawa mifupi. Baadaye injini zilinenepa, na nafasi chini ya bawa haikuongezeka, ndiyo maana aina zake nyingi mdomo wa injini umebapa kwa chini. Sehemu mkia unapoota mgongoni kuna pindo la ghafla, kama goti. Airbus A320 ni ya saizi yake, lakini pua ni ya mviringo, mkia unainuka kwa mstari mmoja bila goti, na tumbo lote limefungwa.

Ile 737 MAX utaijua kwa ncha za mabawa zilizopasuka mbili, moja juu moja chini. Ncha zote hizi zilizopinda zina kazi moja. Hewa iliyo chini ya bawa imebanwa, inataka kukimbilia juu, na mwanya wake ni nchani. Ikipanda inajisokota kama maji ya shimoni, na msokoto huo unaivuta ndege nyuma na kula mafuta. Ncha iliyopinda inaupunguza. Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, msokoto huu unaonekana kwa macho: uzi mweupe unaotoka kila ncha ya bawa na kupotea nyuma. Wengine hubaki ndani siku za mvua. Mimi siku hizo hutoka.

Airbus A220 ya Air Tanzania utaijua kwa masikio. Shirika letu lilikuwa la kwanza Afrika kuitumia, mwezi Desemba 2018. Injini zake ni kubwa kwa mwili wake, na ndani kuna gia inayoruhusu feni la mbele kuzunguka polepole huku sehemu za nyuma zinakwenda mbio. Inapopungua mwendo kutua hutoa mlio mrefu wa chini, kama mtu anapuliza siwa mbali sana.

Na Boeing 787. Iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Desemba 2009, na karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, siyo bati. Ile iitwayo 787-8 ina mabawa ya mita 60 kutoka ncha mpaka ncha. Ncha hazikupasuliwa wala kusimamishwa. Bawa linazidi kuwa jembamba na kurudi nyuma mpaka linaisha, kama jani la mnazi. Ukingo wa nyuma wa injini zake una meno, kama msumeno, ili hewa inayotoka injini ichanganyike na ya nje taratibu na kelele ipungue. Lakini kinachonifanya nisimame hata nikiwa na haraka ni namna bawa linavyopinda. Ikiwa imeegeshwa, mabawa yamelala. Ikikimbia kwenye lami, ncha zinaanza kunyanyuka kabla ya magurudumu. Ndege bado iko chini na mabawa yameshapaa. Mpaka inapopita juu ya paa, bawa zima limekuwa upinde. Nimeiona mara nyingi mno na bado nasema mashaallah kila mara.

Hatua ya nne: soma namba

Kila ndege ina namba ya usajili, ubavuni karibu na mkia na mara nyingi chini ya bawa. Herufi za mwanzo ni nchi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, ET Ethiopia, A4O Oman, A7 Qatar, TC Uturuki, PH Uholanzi, D Ujerumani, SP Poland. Zilizobaki ni jina la ndege yenyewe. Ukiona 5H-TC, tarajia Air Tanzania. 5H-PW, Precision Air. 5H-TCG ni 787 ya kwanza ya Air Tanzania, iliyowasili nchini Julai 2018.

Darubini ya kawaida iliyoandikwa 8x42 inatosha. Yenye nguvu zaidi itatetemeka mkononi. Programu ya simu kama Flightradar24 inasaidia kukuambia nani yuko njiani, maana ndege nyingi hutangaza zenyewe mahali zilipo kwa redio. Lakini vindege vidogo vinavyoruka chini havionekani humo kila wakati, na ukiizoea sana simu utaacha kutazama juu. Kwanza sema mwenyewe ni ndege gani, halafu ndiyo uangalie.

Hatua ya tano: andika

Ukurasa wangu mmoja uko hivi: "Kusi. Upepo wa wastani, mawingu mepesi. ATR, imetokea mjini, miguu imeshuka mapema. Caravan mbili zimefuatana, ya pili imezungushwa baharini kusubiri. Panga la ATR ya saa kumi limesimama kulia." Tarehe, saa, upepo, aina, namba, upande iliotokea, na kitu kimoja ulichokiona ambacho hukukijua jana. Hicho cha mwisho usikiruke.

Na waulize wazee, uandike wanayosema. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 na kufa 1977, ilitua hapa na Dakota, ndege iliyokaa mkia chini pua juu hata abiria alipanda mlima kwenda kwenye kiti chake. Baadaye ilikuja Fokker Friendship, yenye bawa juu na madirisha makubwa ya yai. Waliopanda ndege hizo bado wako kwenye baraza zetu wanakunywa kahawa, lakini wanapungua. Mzee mmoja wa Malindi, nilipomwamkia na kumuuliza, alinichorea Dakota kwa kidole kwenye vumbi la baraza, na mkia akauweka pale pale unapostahili.

Hatua ya sita: sasa chukua kamera

Piga asubuhi mpaka saa tatu, au baada ya saa kumi. Katikati ya mchana lami inachemsha hewa, na picha ya mbali inatoka kama imepigwa chini ya maji, lenzi ya bei yoyote haitakusaidia. Jua liwe mgongoni kwako: asubuhi kaa mashariki ya ndege, jioni kaa magharibi yake.

Jeti ipige kwa kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pangaboi usiipige hivyo. Panga litaganda, na ndege itaonekana kama imezimika angani. Teremka mpaka sehemu moja ya 250, hata ya 125, uifuate ndege kwa kiuno chako chote, siyo kwa mikono, na uendelee kufuata hata baada ya kubonyeza. Nyingi zitaharibika. Itakayotoka, panga litakuwa mviringo wa ukungu na madirisha makali kama sindano.

Kwa simu, utashangaa kuona mapanga yamepinda kama ndizi. Simu yako haijaharibika. Inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kabla haijafika chini panga limeshasogea.

Hatua ya saba: panda moja uende Pemba

Kutazama kwa chini peke yake hakutoshi. Weka akiba, chukua ndege ndogo ya kwenda Chake Chake. Ni kama nusu saa. Ukipangiwa Caravan yenye rubani mmoja, muulize kwa adabu kama kiti cha pembeni yake kina mtu. Mara nyingi abiria huruhusiwa. Kama si hicho, kaa kushoto wakati wa kwenda. Utaiona Tumbatu na miamba yake ya kijani, halafu maji ya bluu nzito ya mkondo, maana bahari baina ya Unguja na Pemba ina kina kirefu mno, halafu Pemba yenyewe inatokea, vilima juu ya vilima. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, utaona majamvi yameanikwa uwanjani na kando ya barabara, mekundu yakigeuka kahawia.

Uwanja wa Pemba njia yake ni fupi kuliko ya Kisauni, na haikulazwa kaskazini moja kwa moja. Namba zake ni 03 na 21, yaani imeinamia kaskazini-mashariki, karibu uso kwa uso na kaskazi. Rubani akianza kushuka, usitazame mikono yake. Tazama mbele kwenye nyasi pembeni ya lami, kuna soksi ndefu ya kitambaa kwenye mlingoti. Ona imetuna kuelekea wapi. Kisha mgeukie aliyekaa karibu nawe umwambie ndege itazungukia upande gani.